Niondoke Ili Ahesabiwe Haki

Jumanne, 4 Juni 1968
Mvua tangu asubuhi. Nyapara ametukaripia tena, eti tunachuna majani ya chai magumu. Mikono imeganda. Jioni darasa la ubatizo: mimi, mume wangu Barnaba, na Mama Samweli, mke mwenzangu. Mwalimu wa dini amerudia lile lile. Mtu hahesabiwi haki kwa matendo, ni kwa imani tu, bure. Nimelipenda neno hilo. Mimi sina tendo zuri la kumwonyesha Mungu.

Alhamisi, 6 Juni
Mwalimu amekuja nyumbani. Ubatizo ni Jumapili, lakini Barnaba hawezi kubatizwa akiwa na wake wawili. Abaki na wa kwanza. Wa pili ni mimi.

Bure gani hiyo? Kumbe lipo tendo moja, na tendo lenyewe ni kunifukuza.

Kwetu Kisii mjane wa ndugu hatupwi. Kaka yake, mume wangu wa kwanza, alipokufa Barnaba alinichukua, akanijengea, akamlea mwanangu Kemunto. Wazee walimsifu. Sasa hiyo ndiyo dhambi yake. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Juni
Barnaba hali chakula. Mama Samweli amelia kuliko mimi. "Moraa, mimi sikuomba hii maneno." Namwamini. Afadhali angenichukia.

Nimeomba.

Jumamosi, 8 Juni
Barnaba anasema ataacha ubatizo. Amesema akiangalia chini. Tangu augue kifua anaogopa kufa hivi hivi, akaenda motoni. Anaogopa kweli.

Nimefunga nguo zangu mwenyewe, niondoke. Kemunto ni wa ukoo wao kwa desturi, lakini Barnaba ameniacha niende naye. Sikumshukuru.

Jumapili, 9 Juni
Nilisimama nje ya kanisa, dirishani. Wakamuuliza kama amemwacha mke wa pili. Akajibu ndiyo. Watu wakaimba. Mimi pia nikaimba, na nimejichukia kwa hilo. Yeye sikuweza kumchukia.

Jumatano, 19 Juni
Nimepata kazi shamba jingine, upande wa Kapkatet. Chumba kinavuja kidogo. Mwalimu wa huku anasema naweza kubatizwa mara moja, kwa kuwa sina mume. Nimemwambia nitafikiri. Sifikiri chochote.

Jioni nimepika ugali wa watu wengi, mkono umezoea. Tumekula mimi na Kemunto. Uliobaki nimeufunika.