Saa Nane ya Kompyuta

Levolosi, Arusha

Mume wangu Baba Salma,

Nakusalimu wewe na watoto hapo Newala, na mama mfikishie shikamoo yangu. Kifua chake kimepoa? Salma bado anagoma kunywa uji? Mimi mwili mzima, ila baridi ya huku inanionea. Asubuhi Meru unajifunika wingu na mimi najifunika vitenge. Kichwa ndicho kimevurugika, na wa kumweleza ni wewe.

Unajua kazi yangu pale ofisini Njiro ni kuandikisha wagonjwa wa macho kwenye kompyuta na kuwatolea kadi za kliniki. Programu tunayotumia ni ya bure, imetungwa na watu wa Ulaya. Aliyeitia Kiswahili alibadili maneno tu, saa akaziacha za Kizungu. Kwa hiyo daktari akipangwa saa mbili asubuhi, kadi inaandika "Saa 8:00". Basi bibi mmoja wa Momela, Bibi Naeli, akamleta mjukuu wake saa nane mchana kama kadi ilivyosema. Daktari alikuwa ameshaondoka. Jicho la mtoto limevimba, na bibi ananionyesha kadi: "Mwanangu, si umeandika wewe?"

Nikarekebisha kwenye kompyuta yetu. Lilipoletwa toleo jipya la programu, saa nane ikarudi vile vile! Mkuu wangu, Bwana Mbise, akanieleza kuwa dawa ni kupeleka badiliko huko huko kwa msimamizi wa programu, mtu anaitwa Joris. Yeye ndiye anayetunza programu yote, na kila badiliko huandikwa humo, nani kalifanya na kwa nini. Akilikubali, linawafikia wote wanaoitumia.

Nikaenda kwenye duka la intaneti mjini, nikamwandikia kama mtu anavyomwandikia mtu: habari za kazi, habari za nyumbani, ndipo nikaambatisha mistari ya programu niliyobadili. Akajibu: "Badiliko lako linaipotosha saa kwa saa sita. Nimelikataa." Habari za nyumbani hakugusa. Nikabaki najiuliza nimemkosea nini. Nikamweleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Akauliza, "Na siku yenu inaanza lini?"

Baba Salma, wewe ni mwalimu, hebu niambie. Mimi nilisema alfajiri. Bwana Mbise akasema saa sita usiku. Mlinzi wetu, Mzee Hamisi, akasema jua likizama, na akashangaa kwamba hatujui. Niliyaandika majibu yote, nikamtumia.

Likaja neno moja la Kiingereza, "Applied", lile ninalolijua kwenye barua za kuomba kazi.

"Joris ameomba," nikamwambia Bwana Mbise.

"Ameomba nini?"

"Sijui. Labda anataka kazi kwetu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwao maana yake ni kwamba badiliko limeshaingizwa.

Nikapanda mwenyewe hadi Momela kumpelekea bibi kadi mpya. Akaigeuzageuza. "Hii ni saa mbili ya watu?" Nikamwambia ndiyo, bibi, ya watu.

Siku ya kliniki alifika asubuhi na mapema na mjukuu wake. Saa mbili ikafika, daktari hayupo. Saa nne hayupo. Bwana Mbise anapiga simu hotelini, anaambiwa mgeni yuko bustanini anakunywa kahawa. Daktari wa safari hii si yule wa kwanza, ni mgeni kabisa, hana wiki tangu ashuke ndege. Saa nane mchana ndipo akaingia, anatabasamu, na ratiba yake mkononi. Imetolewa na programu ile ile: "Saa 2:00 asubuhi". Yeye alielewa tarakimu tu. Alipoziona nyuso zetu, tabasamu likamwisha.

Bibi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia daktari amesoma saa kwa Kizungu.

"Basi na yeye kaponzwa na karatasi," akasema, akajisogeza amwachie nafasi kwenye benchi. Daktari akakaa pale pale, akaanza kumpima mtoto.

Sasa Bwana Mbise anataka nimpelekee Joris badiliko jingine, mgonjwa apate saa zetu na daktari apate zao. Nitaanzaje? Joris alinikatalia akisema naipotosha saa, nami nimempotosha daktari. Lakini saa zake nazo zilimpotosha bibi. Kila nikianza kuandika nafuta. Nani kati yetu alikuwa sahihi, hata leo sijui. Ninachojua ni kwamba mtoto amepata dawa ya matone, uvimbe umeshuka, na juzi aliniona nikiwa ng'ambo ya barabara akaniita kwa jina.

Wasalimie shangazi wa pale sokoni na kaka yako fundi baiskeli, na mwalimu mkuu wako umwambie namshukuru kwa kukupa ruhusa mama alipougua. Salma mbusu kwenye paji la uso.

Mkeo anayekukumbuka kila siku,
Mama Salma