Baba Alivyotoka Asubuhi Ile

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 8 Juni

Mpendwa Kaka,

Salamu tele kutoka kwetu. U hali gani wewe, wifi na wale wanangu? Sisi wazima, ila miguu ya Mama inamsumbua kukiwa na baridi. Nimekukumbuka hadi najikasirikia. Juzi nilikupakulia sahani bila kufikiri, nikaila mwenyewe kwa hasira.

Sasa habari yenyewe. Kikundi cha maigizo kinaandaa mchezo kuhusu ule moto wa kiwanda cha magodoro uliomchukua marehemu Baba na wenzake. Mavazi nashona mimi. Basi mazoezini nikaona "Baba" anatuamsha wote, anatukumbatia, anahutubia kama mgombea ubunge! Unanijua nisivyoweza kunyamaza. Nikamfuata mwongozaji, nikamwambia Baba hakumuaga mtu. Alikuwa akitoka alfajiri kashika viatu mkononi asituamshe, akavivaa nje. Mwongozaji akakubali kubadilisha, nami nikatembea kifua mbele siku nzima.

Alhamisi nikampeleka Mama akaone. Mwigizaji akanyata kando ya kitanda cha mkewe, viatu mkononi, akafunga mlango taratibu. Kaka, mgongo ule ulikuwa wa Baba kabisa. Nililia. Tulipofika nyumbani, Mama akaniuliza:

"Umewaambia nilikuwa nimelala?"

"Kwani hukuwa umelala, Mama?"

"Nilikuwa macho. Kila siku nilikuwa macho. Nilimwacha aamini hajaniamsha, maana alikuwa akijivunia. Na siku ile hivyo hivyo. Nikasema moyoni, jioni si atarudi."

Kisha akaniomba kitu kimoja tu: yule mke kitandani afumbue macho, aseme, "Haya, baba watoto, kazi njema."

Si kweli, najua, na wiki iliyopita ningebisha. Nimemwomba mwongozaji ayaweke maneno hayo, naye amekubali. Tangu hapo namsikia Mama jikoni akiyasema polepole, kama vile yeye ndiye atakayepanda jukwaani.

Mjomba anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko.

Mchezo ni mwisho wa mwezi. Njoo, Kaka. Maneno hayo yakisemwa, Mama atahitaji mtu wa kumshika kila upande, na mimi niko mmoja.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Kitinda