Waya Uliochomolewa Mapema

Mjukuu wangu Neema,

Huku Igawa sisi wazima, mama yako anavuna mpunga.

Umeuliza kama nimekasirika. Uliitoa diski kwenye kompyuta iliyokufa, ukaiweka kwenye kasha dogo lenye waya, ukachomoa waya wakati picha za babu yako bado zinahamia kwenye kompyuta mpya. Diski ikaharibika, nusu zikapotea.

Katika usichana wangu niliuza vitunguu Ruaha Mbuyuni. Siku moja nilimpa abiria wa basi kikapu dirishani amimine vitunguu, nikagonga bodi ya basi kumharakisha. Dereva akadhani ni konda, akaondoka na kikapu alichosuka mama. Mama alianza kusuka kingine, akanipa milulu, nyasi za kusukia, nimshikie.

Njoo na picha zilizobaki. Zilizopotea nitakusimulia.

Bibi yako