Parsaoti na Vibao vya Linda

Wacuka uko? Bado nimeshika mdomo.

Mjukuu wetu Linda amepiga simu ya video kutoka Austria, yuko dukani. Jumamosi ako na mtihani wa kuwa mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, na vibao vyake vya kutelezea vimevunjika. Muuzaji anamsukumia jozi pana na laini, ati hiyo inaenda kila mahali.

Mzee wangu Parsaoti akaninyang'anya simu. Parsaoti, Wacuka! Mtu barafu anayoijua ni ya friji!

"Huko utashukia kukoje?"

"Mashine imeshindilia theluji, Babu. Ni kugumu kama lami."

"Hebu kunja hicho kibao."

Kikajikunja kama chapati ya moto. Mzee akainua fimbo yake ya ng'ombe, akaikunja mbele ya simu, ikakataa. "Fimbo ya kulegea mimi natia motoni. Chukua ile jozi nyembamba ukutani nyuma yako, ngumu, ikufike puani."

Nikapiga kelele, "Nyamaza, unaaibisha mtoto!" Duka lote likasikia!

Linda akamtafsiria muuzaji. Yule kijana akapima ile nyembamba, ikafika puani kabisa. Akakubali: kwa mteremko mgumu, hiyo ndiyo inashika vizuri ukikata kona. Linda akasema hata yeye hiyo ndiyo alitaka, aliogopa tu kubishana.

Kijana akauliza, "Huyo mzee ni kocha wako?"

Linda, bila haya: "Ndiyo."

Sasa mzee ameketi nje na shuka yake, anauliza kama chai ya kocha iko tayari.

Nimempelekea, Wacuka. Na sukari nimezidisha.