Kiti cha Baba Juu ya Kontena la Taka

Mtaa wa Reid,
Lorain, Ohio.
9 Juni

Mpendwa kaka Leonard,

Habari za Alaska? Goti la mkeo limepoa? Sisi huku miili ni mizima, mioyo ndiyo imechoka.

Nyumba ya Mama tulimaliza kuitoa vitu jana. Mnunuzi anaingia kesho. Chumba alichopewa Mama kwenye nyumba ya wazee kinaenea kitanda na kabati tu, na kwangu unapajua palivyobana.

Tulikodi kontena la taka, likawekwa mbele ya gereji. Mume wangu Duane alilipakia kwa akili: alifungua mlango wa nyuma, akaingia na vizito akitembea navyo badala ya kuvirusha juu, akavigawa pande zote ili lisielemee upande mmoja. Makabati tuliyajaza viatu na vitabu, pasibaki nafasi. Friji na makopo ya rangi tuliyaweka kando, maana hayo wenye kontena hawayachukui.

Kiti cha kuegemea cha Baba ndicho kilichotakiwa kutangulia, kwa uzito wake. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Kila mtu alijitia ana kazi nyingine, hata kikabaki chenyewe sebuleni. Basi tukakipandisha juu ya vitu vyote, kikapita ukingo. Nilipokiona kule juu nililia, kaka, wala sikujificha.

Dereva wa lori la kuchukua kontena alipofika akakataa katakata. "Hicho kishuke, au siondoki. Kikimwangukia mtu barabarani, jela naenda mimi!"

Tukakishusha, tukakiweka kando ya barabara na kibao cha BURE. Mama akaja akakikalia, mkoba mapajani, akalitazama lori likiondoka na vitu vyake vyote.

Punde pikapu ikasimama. "Samahani, mama," bwana mmoja akauliza, "hicho kiti mnakitoa, au unapumzika tu?"

"Vyote viwili," Mama akasema. Akainuka, akakifuta kwa kiganja. "Mkono wa kulia wa kukilaza unagoma. Uvute kwa nguvu, usiuonee huruma. Mume wangu alikuwa anautukana kila jioni."

Yule bwana akakifunga kamba, akashukuru, akaenda zake.

Mama akageukia nyumba, akanigeukia mimi. "Sasa nikae wapi?"

Mpigie simu, Leonard. Mimi nilimshika mkono nikamwongoza garini.

Nisalimie wifi Corinne na mtoto wetu Tess. Mungu awafunike huko kwenye baridi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye sana,
Bernadine