Pengo Chini ya Arobaini

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mama ameacha kukugombeza kwa kupanda ngazi uzibe paa mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Mkono wangu umepona. Plasta imetolewa na nashika chaki kama zamani, ingawa nikikunja kiganja bado kuna mahali panalia kama bawaba. Mkweo anakusalimu. Wajukuu zako ni wazima, na wamekuwa watundu kuliko nilivyokuwa mimi, jambo ambalo najua hutaliamini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako siku hizi inasikika mpaka kwa jirani, na haya ninayotaka kusema ni yako kwanza. Mama utamweleza mwenyewe ukipenda.

Unakumbuka nilipoteleza bafuni nikavunjika mkono, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulikuwa umeshafanyika na karatasi za hesabu zimerundikana mezani kwangu. Ukajitolea kunisahihishia. Ulisema kustaafu hakujakuondoa ualimu. Mimi nikanakili alama kwa mkono wa kushoto, nikazirudisha karatasi shuleni, na sikumwambia mtu yeyote kwamba si mimi niliyesahihisha. Nilikushukuru wakati ule na nakushukuru tena, ingawa shukrani hii ya pili si kama ile ya kwanza, na utaona kwa nini.

Majuzi tulifika kwenye marudio ya takwimu. Siipendi mifano ya kitabuni, ile ya urefu wa miche ambayo hakuna aliyewahi kuipanda. Nikaamua wanafunzi wachambue alama zao wenyewe za mtihani ule, bila majina. Wakatafuta wastani, wakatafuta alama ya katikati, wakatafuta inayojirudia zaidi. Hiyo ya mwisho ikawa arobaini, alama ya kufaulu. Nikapita juu juu, nikawaambia ni sadfa. Kisha nikawataka wachore histogramu kwa makundi ya alama kumi kumi, na nguzo zikapanda na kushuka kwa heshima zote.

Kuna binti ninayemwita Bi Kwanini, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atataka sababu. Yeye alikuwa akipiga soga nilipotoa maelekezo, akagawa alama kwa makundi ya tano tano. Nilikuwa nimeshainua kalamu nimkosoe, ndipo nikaona. Kuanzia thelathini na tano hadi thelathini na tisa hapakuwa na nguzo. Patupu kabisa. Na nguzo iliyofuata, ya arobaini, ilikuwa ndefu kuliko zote. Makundi ya kumi kumi yalikuwa yamelificha pengo lile tumboni. Bi Kwanini akauliza imekuwaje katika kidato kizima asiwepo hata mmoja aliyekosa kufaulu kwa alama chache tu. Mwenzake akasema histogramu imeng'oka jino, wakacheka wote. Mimi nilijibu kwamba hutokea, na uso ukanichoma, kwa sababu alama zikiachwa zilivyo hazijui mstari wa kufaulu uko wapi. Anayeujua ni mtu.

Unanijua nilivyo. Mama husema mimi hunusa hata maji ya kunywa. Kuanzia siku hiyo nikawa nawatazama wenzangu kwa jicho la pembeni. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa taaluma, kwa kuwa ndiye anayeingiza alama kwenye kompyuta, na kila nikiingia ofisini kwake huwa anafunga haraka kile anachokitazama. Nikamwuliza kama alama zinaweza kubadilika zikishaingia. Akanijibu kwamba mwalimu anayejiamini haulizi maswali ya namna hiyo, nami nikalichukua jibu hilo kama ushahidi tosha. Baadaye niligundua anachokificha ni mchezo wa karata. Wa pili alikuwa mwalimu wa fizikia, mwenye mpwa wake darasani kwangu. Wiki hiyo alininunulia chai mara mbili bila sababu. Niliinywa, lakini kila funda lilishuka na shaka yake.

Wewe sikukufikiria. Naapa, baba, hukunijia kichwani.

Aliyenitoa kwenye kunusanusa ni kijana mmoja mpole anayekaa karibu na dirisha. Alinifuata kwenye korido kunishukuru. Alisema alikuwa ameshakata tamaa na hesabu, lakini kwa kuwa amepata arobaini sasa anaiweka pembeni ili nguvu zote ziende kwenye kemia, na kwamba anashukuru kuepuka darasa la ziada. Darasa hilo ni la walio chini ya arobaini tu, linaanza Jumatatu, na likishajaa hakuna jingine mpaka mtihani wa taifa. Kama arobaini yake ilikuwa ya uongo, yule mtoto alikuwa anakwenda kuanguka huku akinishukuru.

Nikaomba ufunguo wa stoo, nikaitafuta karatasi yake na kuisahihisha upya. Alikuwa na thelathini na sita. Nikachukua nyingine za arobaini, na nyingi zikashuka vivyo hivyo. Hakuna aliyezigusa baada yako, baba. Kalamu ya kijani ni yako, na saba yenye mkanda kiunoni ni yako. Kwenye swali la duara umempa mtoto alama za njia, na njia yenyewe ni kunakili swali na kulipigia mstari. Mwingine amepata mbili kwa pembetatu nzuri ambayo hakuna aliyeiomba. Nilikaa juu ya boksi la chaki nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Nilikukasirikia sana. Bado sijamaliza.

Najua ulikuwa unawahurumia. Lakini watoto wale walihitaji msaada, na huruma yako ndiyo iliyowanyima.

Jana nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza yote: mkono wangu, karatasi kutoka nje ya shule bila ruhusa, na nani aliyesahihisha. Nilikutaja, baba. Alivua miwani, akaniagiza niandike maelezo. Bodi ndiyo itakayoamua kama nitaendelea na kidato cha nne. Wale watoto wote wameingizwa kwenye darasa la ziada. Yule kijana wa dirishani hanisalimu tena.

Ningeishia hapo, lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu nitoke stoo. Nimeukumbuka mwaka niliokuwa kidato cha nne mimi mwenyewe, nikifundishwa na wewe. Aliyepata chini ya arobaini kwenye majaribio hakuruhusiwa kusajiliwa kwa hesabu. Siku ya mtihani nilitoka chumbani nikijua nimeanguka, maana niliacha maswali mazima yakiwa meupe. Uliporudisha karatasi, yangu ilikuwa na arobaini kamili. Ulinishika bega mbele ya wenzangu ukanipa hongera. Siku hiyo ndipo nilipoamini kwamba nina kichwa cha hesabu, na maisha yangu yote, kazi hii, ubao huu, nimeyajenga juu yake.

Baba, nilipata ngapi?

Karatasi imeoza zamani, najua, lakini wewe hukumbuka. Usinihurumie. Nipe alama yangu.

Msalimie sana mama, mwambie mkono umepona na asikuache upande ngazi. Wajukuu wanauliza utakuja lini. Mungu akuweke.

Mimi mwanao akupendaye,
mwalimu wa hesabu, mpaka utakaponiambia vingine.