Jina la Osea kwenye Kadi ya Mkeo

Ibaba, Ileje
9 Machi 2026

Mpendwa mdogo wangu Amoni,

Uzima upo? Kifua kile cha vumbi la mgodini kimepoa? Huko Galula mnakula? Nauliza kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, siyo kwamba nakuonea huruma. Sisi wazima, viazi vimekubali, mvua imetubomolea choo. Simu yako imezimwa tangu Krismasi, ndiyo maana nampa Dennis barua hii, anakuja huko kuuza viazi.

Sasa kaa chini. Mkeo Gwantwa ana mimba ya miezi saba. Ni yako, hesabu mwenyewe, usianze vituko.

Huku tuna mhudumu wa afya wa kijiji, Lusubilo, kaolewa huku juzi katokea Igamba. Anapita nyumba kwa nyumba na daftari anahesabu mimba kama anahesabu kuku. Kila Jumanne anawakusanya wajawazito kupika uji wa soya na dagaa. Ana mdomo yule, amebakiza kidogo anifikie. Akamwambia Gwantwa aende kliniki, na siku ya kwanza aende na mume.

Mume yuko wapi? Anachimba shimo. Asiye na mume anapeleka barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na wetu unamjua, angeisoma kwanza kilabuni. Gwantwa akaona aibu. Akamwomba Osea, yule wa bodaboda aliyefiwa na mke, akakae naye tu kwenye benchi.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mwanaume akapimwa damu, kadi ikaandikwa: baba, Osea. Tukajua yameishia hapo, kumbe mwenzetu kanogewa. Hudhurio la pili yupo, la tatu yupo, Jumanne anakoroga uji mwenyewe. Juzi kwenye mkutano Lusubilo kamsimamisha mbele ya watu wote. "Wababa, mtazameni mwenzenu. Huyu ndiye mume." Watu wanajua Gwantwa ni mke wa nani, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, huku nakulaani wewe.

Kicheko kimeisha wiki iliyopita. Nesi kampima Gwantwa, presha iko juu, miguu imevimba kama magimbi. Kasema asingojee uchungu hapa, mimba ikiingia mwezi wa nane akasubirie hospitali, na aende na watu wawili wa kumtolea damu. Unajua kwa nini hatulali. Mkeo wa kwanza alitufia njiani na mimba yake, na machela uliishika wewe mwenyewe. Halafu ukaenda kutafuta dhahabu.

Tunaondoka tarehe ishirini na nane. Wa kutoa damu ni mimi na Osea. Na cheti cha mtoto siku hizi kinaandikwa hapo hapo, wanatazama kadi. Ukifika kabla, nitakwenda mwenyewe kwa Lusubilo niseme tulidanganya, anitukane, jina lifutwe. Usipofika nitanyamaza, na unajua mimi kunyamaza ni kazi.

Mama kakataa kukusalimia. Gwantwa hajaniagiza neno. Msalimie mchimbaji mwenzako Anyitike kama bado mko wote. Mungu akukinge na kifusi, akupe na akili ya kupanda gari.

Dada yako anayekupenda kwa shida,
Tabita